Shangazi Mbele ya Kopo

Tangu asubuhi fundi mitambo alikuwa hatulii. Alikuwa akiinuka, anakwenda kwenye kioo kinachotenganisha chumba cha mitambo na chumba cha kuimbia, anamtazama shangazi yake, anarudi kitini, anagusa kitufe ambacho hakikuhitaji kuguswa, kisha anainuka tena. Bosi wake, mwenye studio, alikuwa amejimwaga kwenye sofa nyuma yake. Alimwambia kwamba akiendelea hivyo atatoboa zulia. Binti akatabasamu tu. Kujibu watu hakukuwa fani yake. Chuoni aliposomea mambo ya sauti walimwita Kimya, na jina likamfuata mpaka kazini kama paka aliyelishwa mara moja.

Upande wa pili wa kioo shangazi naye alikuwa vilevile. Mara anaufunga mtandio, mara anaufungua. Anakunywa maji ya uvuguvugu, anakohoa kidogo, anaitazama maiki iliyo mbele yake kama mtu anayetazama mbwa wa watu na kuambiwa haumi.

Maiki yenyewe ilikuwa fupi, ya duara, yenye rangi ya bati lililochakaa. Walimu wa Kimya wangesema ni maiki yenye tabia yake. Pale studioni iliitwa Kopo. Maiki za kawaida hupokea sauti jinsi ilivyo, kubwa ikiwa kubwa, ndogo ikiwa ndogo, halafu fundi anaamua mwenyewe cha kufanya. Kopo halikuwa na adabu hiyo. Tumboni mwake mlikuwa na mtambo mdogo unaobana sauti palepale, kabla haijaingia hata kwenye waya. Ukipaza, linakukandamiza, ukinong'ona, linakuinua. Mwisho wake mnong'ono na ukelele vinatoka vimelingana vimo, vyote vina mikwaruzo ya redio ya zamani. Na kilichobanwa na Kopo kimebanwa. Hakuna kompyuta ya kukibandua.

Mwongozaji wa mchezo wa redio alikuwa ameomba wimbo wa kufungulia mchezo wake mpya, na Bosi, kwa kupenda kujigamba, akamtumia mfano wa sauti iliyopita kwenye Kopo. Mwongozaji akanasa. Alitaka hiyohiyo, wala asiletewe nyingine. Kimya alijaribu ujanja wa kurekodi kwa maiki ya kawaida na kuibana sauti baadaye kwenye kompyuta. Mfano ukapelekwa, jibu likarudi kabla chai haijapoa: siyo hii. Sasa ilikuwa siku ya mwisho, na kabla ya saa sita mchana mwongozaji mwenyewe angepita kuuchukua wimbo.

Wimbo ulikuwa wa mama anayemwita mtoto wake arudi nyumbani, na wa kuuimba alikuwa shangazi.

Hapo ndipo roho ya Kimya ilipokuwa juu. Shangazi yake, dada wa baba yake, alikuwa mwitikiaji. Ujana wake wote aliumalizia nyuma ya waimbaji wengine. Sauti yake imo kwenye nyimbo ambazo watu wanazijua kwa moyo, ila imo nyuma, kama rangi ya ukuta ambayo mgeni haioni kwa sababu anatazama picha zilizotundikwa. Hakuna aliyewahi kumwambia asogee. Kimya ndiye aliyemtaja kwa Bosi, kwa sauti ndogo kiasi kwamba ilibidi arudie, na Bosi akakubali. Lakini aliongeza kwamba wakishindwa yupo yule msichana wa matangazo ya sabuni, anayesimama mbele ya maiki kama mlingoti. Yeye ataimba, shangazi ataitikia.

"Si atakuwa palepale alipozoea," alisema Bosi. Hakuwa na ubaya wowote, na hicho ndicho kilichouma.

Shangazi alipopewa habari hakupiga kigelegele. Aliuliza kama kweli ni mbele. Akauliza tena, kwa njia nyingine, kama anayetafuta mtego. Kisha akasema kwamba akiisikia sauti yake ikiwa mbele, hata mara moja tu, inamtosha. Kabla jua halijazama alikuwa amekwisha kuwapigia simu ndugu wote, na wifi yake mmoja, mama yake Kimya, ambaye kwa utani hana simile, akamwambia ajihadhari asije akageuka kutafuta mwenye wimbo yuko wapi.

Utani ule ulikuwa karibu mno na ukweli.

Zamani hizo waitikiaji waligawana maiki moja, na sheria ilikuwa moja: sauti ikipanda, mguu unarudi nyuma. Usiporudi unamfunika mwenye wimbo, na mwenye wimbo akigeuza shingo akakutazama, kesho hupo. Shangazi aliitii sheria ile mpaka ikaacha kuwa sheria, ikawa mwendo wake. Mbele ya maiki ya kawaida hilo lingekuwa ustadi tu, mwili unabana sauti wenyewe. Lakini Kopo nalo linabana. Shangazi akirudi nyuma, Kopo linadhani amepungua, linamwinua, na pamoja naye linainua chumba kizima: kuta, mapazia, mlio wa taa, mchakacho wa nguo zake. Kwa hiyo kila alipofika kwenye kiitikio, pale penye maneno "mlango sijaufunga, mwanangu, njoo", ambapo wimbo ulitakiwa kumshika mtu kooni, sauti yake iliondoka ikaenda kusimama kwenye ukuta wa mbali. Ilisikika kama mtu anayeimba bafuni kwa jirani.

"Shangazi, usirudi nyuma," Kimya alimwambia kupitia hedifoni.

"Nimerudi?"

"Umerudi."

"Sikurudi mimi. Ni hii miguu."

Wakarudia. Miguu ikarudi. Kimya akaingia na utepe wa gundi, akabandika msalaba sakafuni, akamwomba shangazi asimame juu yake asitoke. Shangazi akasimama pale kama aliyesimama juu ya mfuniko wa kisima. Hakutoka. Ila sauti nayo haikutoka. Aliimba kama mwanafunzi anayesomeshwa shairi mbele ya mkaguzi, kila neno safi, kila neno limekufa.

Bosi alikuna ndevu. Alisema, bila kuinuka, kwamba huyo mama amefungwa miguu na koo limefungwa nayo. Simu yake ikatetemeka kwenye mkono wa sofa. Alikuwa yule msichana wa matangazo, akiuliza kama aje au asije. Bosi alimtazama Kimya, akamtazama mama wa upande wa pili wa kioo, aliyekuwa ameinama kuuangalia msalaba wake, akasema kwenye simu kwamba ajiweke tayari, atampigia baada ya nusu saa.

Kimya hakuogopa kazi kuharibika, kazi zinaharibika. Aliogopa ule uso. Alimjua shangazi: asingelalamika, asingenuna. Angesema "haya", angeutengeneza mtandio wake vizuri, angekwenda kusimama nyuma ya msichana wa sabuni na kumwitikia kwa moyo wake wote. Kimya angelazimika kukaa upande huu wa kioo na kumrekodi akifanya hivyo.

Ndipo wazo likamjia, na kwa kuwa lilikuja kwa haraka hakulitazama mara mbili.

Aliingia chumba cha kuimbia akamwambia shangazi habari njema: Bosi amekubali watumie maiki ya kawaida. Akaisimamisha mbele yake, ile ndefu, nyeusi, yenye chujio la kitambaa. Waya wake aliushusha mpaka nyuma ya pazia na kuuacha hapo, haukuchomekwa popote. Kopo akalipandisha kwenye stendi ndefu, akalileta nyuma na juu ya bega la shangazi, karibu na pazia, lilipofanana na takataka yoyote ya studio. Akambandulia msalaba.

"Simama unavyotaka," alimwambia. "Rudi nyuma ukitaka."

Shangazi alishusha pumzi kwa sauti. Alisema kwamba kumbe Mungu yupo.

Bosi aliona yote kupitia kioo. Kimya aliporudi, alimwinulia nyusi tu, naye akajifanya anatafuta kitu mezani.

Shangazi akaimba. Beti za polepole alisogea mbele, mbali na Kopo, na Kopo likamwinua pamoja na hewa ya chumba, akawa kama mtu anayezungumza peke yake sebuleni. Kiitikio kilipofika, miguu ikafanya yale iliyofanya maisha yote, ikarudi nyuma, na safari hii kila hatua ya kurudi ilimleta karibu zaidi. Sauti ilimjia Kimya masikioni ikiwa na vumbi, nzito, ya karibu kabisa. Bosi akaketi wima. Ubeti wa pili ukapita, kiitikio kikapita, wimbo ukaisha, na Bosi akapiga goti lake kofi moja.

"Tumemaliza," alisema, na tayari alikuwa anatafuta namba ya mwongozaji.

Wakamwita shangazi aje asikilize. Alikaa kwenye ncha ya kiti, mikono katikati ya magoti. Aliposikia sauti yake inatangulia, haina mtu mbele yake, alifunga macho. Kimya alitazama pembeni, kwa haya. Wimbo ulipoisha, shangazi aliinuka, akarudi chumba cha kuimbia, kisha wakamwona kupitia kioo ameisogelea ile maiki nyeusi. Akalipangusa chujio lake kwa ncha ya mtandio. Akaishika shingoni kwa vidole viwili, kama anavyoshikwa mtoto wa watu aliyefanya vizuri mtihani, akaiambia jambo. Hawakusikia kwenye spika, kwa sababu maiki ile ilikuwa mfu. Lakini Kopo, kule nyuma, lilikuwa hai, na hedifoni zilikuwa shingoni mwa Kimya. Likamletea ule mnong'ono mzimamzima.

"Ahsante, mama. Kumbe tulikuwa hatujazoeana tu."

Kimya alizivua hedifoni akaziweka mezani, akazichukua tena, akaziweka. Bosi alikuwa anasema kitu kuhusu kutuma, kwamba afungue tu atume, mwongozaji yuko njiani ila angependa kuusikia akiwa kwenye gari. Mkono wa Kimya ulikuwa juu ya kipanya. Alijiambia kwamba wimbo ni mzuri. Kweli ulikuwa mzuri. Alijiambia kwamba shangazi ana furaha, na nani ataumia? Kila alilojiambia lilikuwa sahihi, na hakuna hata moja lililomruhusu kubofya. Akainuka.

Mle ndani alimwambia shangazi kweli. Aliisema vibaya, kwa vipande, akianzia mwisho: kwamba hiyo haikuchomekwa, kwamba iliyorekodi ni ile ya nyuma, kwamba alifanya hivyo kwa sababu ya muda, na kwa sababu ya yule msichana, na kwa sababu miguu.

Shangazi aligeuka akaliona Kopo limemwinamia begani. Akaitazama ile nyeusi. Alichukua muda kuelewa, na alipoelewa akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyempungia mkono asiyemjua.

"Kwa hiyo hata leo nimeimbia nyuma," alisema.

Kimya aliinama kuokota kipande cha utepe kilichobaki sakafuni.

"Si kitu, mwanangu. Peleka. Ni nzuri, nimeisikia."

Akautengeneza mtandio wake. Ulikuwa uleule utengenezaji wa mtandio ambao Kimya alikuwa ameuogopa tangu asubuhi. Alikuwa amezunguka kote kuukwepa, na sasa ameuleta mwenyewe kwa mikono yake. Alirudi chumba cha mitambo. Bosi alimuuliza kama ameshatuma.

"Tunarudia," Kimya alisema.

Bosi alidhani amesikia vibaya. Akamweleza, kwa upole wa mtu anayemweleza mgonjwa, kwamba wimbo upo, ni mzuri, na aliyeuagiza yuko njiani. Kimya akasema anajua. Akasema wanarudia, Kopo likiwa mbele, na kwamba yeye Bosi atakaa kwenye mitambo, kwa sababu yeye atakuwa ndani. Aliyasema yote hayo akilitazama shati la Bosi, kifungo cha tatu, lakini aliyasema. Hakuwa amewahi kumsemesha maneno mengi hivyo kwa mpigo. Labda ni mshangao, si hoja, uliomnyanyua yule mzee kutoka kwenye sofa.

"Wakati unapita," Bosi alisema, akivuta kiti. "Ile ya kwanza sifuti."

"Usifute."

Mle ndani Kimya aliondoa maiki nyeusi na waya wake. Akalishusha Kopo, akalisimamisha mbele ya shangazi, usawa wa mdomo. Shangazi alisema hapana. Alisema ataharibu, miguu hii haisikii, wasimpotezee watu muda kwa ajili yake. Kimya akamwambia jambo ambalo alipaswa kumwambia asubuhi, badala ya kumbandikia misalaba: kwamba Kopo haliumii. Ukilipigia ukelele wa nguvu zako zote linakushika, halipasuki, na hakuna mwenye wimbo wa kugeuka kumtazama.

"Hilo nalijua kichwani," shangazi alisema. "Waambie visigino."

Basi Kimya akavua viatu, akazunguka, akasimama nyuma yake. Alisimama pale hasa ambapo miguu ya shangazi huwa inakwenda, karibu kiasi cha kusikia harufu ya dawa ya kifua aliyojipaka asubuhi, akaweka viganja vyake viwili kwenye mabega yake. Kupitia kioo Bosi aliinua dole gumba.

Ala zikaanza. Ubeti wa kwanza ulikuwa na woga, shangazi aliuimba kama anayejaribu maji kwa kidole. Kisha sauti ikaanza kupanda kuelekea kiitikio, na kisigino kikarudi, kikatua juu ya vidole vya Kimya na uzito wote. Kimya aling'ata mdomo. Kisigino cha pili kikaja. Mgongo wa shangazi ukamgonga kifuani, ukasukuma, ukatafuta nafasi ya kupita, na Kimya, ambaye maisha yake yote alikuwa anawapisha watu mlangoni, hakumpisha. Alijikaza kama ukuta. Aliusikia mwili ule ukikosa pa kwenda, mbavu zikafunguka chini ya viganja vyake, na sauti ikatoka mbele, yote, haikubakizwa kitu.

Haikuwa nzuri kama ile ya kwanza. Ilikuwa na ufa mahali, na neno moja lilikuja kabla ya wakati wake. Lakini ilikuwa imesimama mlangoni mwa nyumba na kuita, na Kopo likaikamata na kuibana, likaishikilia palepale karibu, kwenye mdomo wa wimbo. Sakafu ilitetemeka kwenye nyayo za Kimya. Kiitikio kikaisha. Ala zikanyamaza kidogo kabla ya ubeti wa pili, na katika mwanya ule Kopo, likiwa halina sauti ya kubana, likafanya kazi yake ya kuinua kilichopo. Kimya alilijua hilo. Alijaribu kuizuia pumzi yake, lakini alikuwa ameibana muda mrefu mno; ikatoka yenyewe, ndefu, inayotetemeka, karibu na sikio la shangazi.

Shangazi aliinua mkono mmoja, akamshika vidole begani, asiache. Ubeti wa pili aliuimba hivyo.

Mwongozaji aliingia wakiwa bado wanatafuta viatu vya Kimya. Alikuwa mtu wa haraka, hakutua hata mkoba wake. Bosi akamwambia zipo mbili, ya kwanza safi zaidi, na akampigia zote. Mwongozaji alizisikiliza akiwa amesimama, akichezesha funguo, na kwenye ile ya pili funguo ziliacha kulia. Akaomba arudishiwe kidogo. Hapo, kabla ya ubeti wa pili.

"Kuna mtu mwingine anahema humu," alisema.

Bosi akaeleza kwamba ndiyo, na kwamba hiyo haiwezi kutolewa, Kopo likishabana limebana, lakini ile ya kwanza haina tatizo hilo. Kimya akafungua mdomo aombe radhi. Uso ulikuwa unamwaka.

"Ni mwitikiaji wangu," shangazi alisema.

Mwongozaji alimtazama yule mama, akamtazama binti aliyesimama pekupeku, vidole vya miguu vimevimba. Akasema atachukua hii. Akasema vilevile kwamba jina la mwimbaji linasomwa mwisho wa mchezo, kwa hiyo aandikiwe vizuri. Halafu akatoka kwa haraka ileile aliyoingia nayo, na Bosi akamfuata kwenye ngazi akiwa bado anaitetea ile ya kwanza, huku akimpigia simu msichana wa matangazo kumwambia asihangaike.

Shangazi alibaki kwenye kiti, mbele ya spika. Alitaka kuusikia tena, tangu mwanzo, kwa sauti kubwa zaidi. Kimya akauanzisha. Kiitikio kilipokaribia aliiona miguu ya shangazi chini ya kiti, imeanza tena kujikokota taratibu kurudi nyuma, kiatu kimoja, kisha cha pili, huku mwenyewe ameinama mbele kabisa kuelekea kwenye sauti yake, hana habari na miguu.